Mzee Aliyeuliza Nani Anavuka

Mzee wa Jangwani amefariki. Taarifa ilinikuta dukani asubuhi, nikibishana na mteja aliyeagiza mifuko midogo ya karatasi halafu akaapa kuwa aliagiza mikubwa. Binti yake ndiye aliyepiga. Alisema, "Dada, Mzee ametutoka," akakata simu. Nilipowaambia majirani zangu wa Kariakoo, watu ambao kwa miaka wamemcheka wakimwita Mzee wa Hali ya Hewa, wote walikuwa na swali moja: "Maji?" Nikasema hapana, kifua. Alikohoa wiki kadhaa, akafia kitandani kwake, siku kavu, mto ukiwa mwembamba kiasi cha kuvukwa kwa hatua mbili. Jirani yangu muuza vyombo akatikisa kichwa kama mtu aliyepunjwa. "Ah," akasema, "mimi nilijua yule maji ndiyo yatamchukua." Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu anatumia umri wake kutuambia maji yanakuja, na siku anapokufa tunasikitika kwamba hakufa kwa namna ambayo ingefanya hadithi yake iwe nzuri zaidi.

Kwa ambao hawakumjua, Mzee hakuwa mtaalamu wala mtumishi wa ofisi yoyote. Alikuwa Mmwera aliyekuja mjini kijana akitafuta vibarua, na kibarua kimoja kilikuwa kushika fimbo ya kupimia maji chini ya daraja, kwa ajili ya mradi fulani uliokuja, ukapima, ukaandika, ukaondoka. Fimbo ilichukuliwa na maji masika yaliyofuata. Mradi haukurudi kuiulizia. Mzee alibaki, na alichojifunza pale ndicho alichoishi nacho. Mto wenyewe, Msimbazi, si mrefu. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita nyuma ya Gongo la Mboto, unateremka Vingunguti na Kigogo, unatanuka Jangwani chini ya Barabara ya Morogoro, kisha unaingia baharini pale Salenda kwenye mikoko. Nimekutana na watu wengi waliozaliwa Kariakoo ambao hawawezi kukwambia unaanzia wapi. Wanaujua kwa sifa moja tu: siku ukijaa, wateja wa Magomeni hawaji.

Mzee alikuwa akisema mto huu una mabwana wawili, na hawasalimiani. Mmoja ni mvua ya vilimani. Mwingine ni bahari. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inakuwa katika bamvua, maji yanajaa kupita kawaida, na mlango wa mto pale Salenda unakuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Mvua ya Pugu ikishuka wakati huo, haina pa kutokea, inarudi nyuma na kulala vitandani mwa watu. Mvua hiyo hiyo ikishuka siku za maji mafu, bahari ikiwa imejitenga, inapita kwa adabu na watu hawajui kama kulikuwa na jambo. Kwa hiyo kumuuliza Mzee kama mvua kubwa ni hatari kulikuwa ni kumuudhi. Atakuuliza kwanza mwezi una siku ngapi.

Mimi nilimjua kwa ubishi. Wazazi wetu walipofariki, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwetu, nikaacha shule, nikachukua chumba bondeni Jangwani kwa ajili yangu na wadogo zangu watatu, kwa sababu bondeni ndiko hawakutuuliza maswali. Jumamosi moja jua linawaka, nimefua sare za wadogo zangu nazianika, akatokea mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa na mkoba begani. "Hodi, binti." Nikamwambia karibu, shikamoo. "Marahaba. Tokeni." Nilidhani ni mtu wa mwenye nyumba. Nikamuuliza tutoke twende wapi. "Juu," akasema, akionyesha upande wa Kariakoo. Nikatazama mbingu, hakuna wingu. "Jua lote hili, baba?" Akasema, "Jua ni la hapa. Mvua ni ya Pugu." Nikamuuliza, "Nani kasema?" Akasema kule juu watoto walikuwa wanabebwa mgongoni tangu asubuhi. Niliona nimepata mwendawazimu. Nikaendelea kuanika.

Maji yalifika kabla sare hazijakauka. Mzee alirudi kututafuta yeye mwenyewe, maji yakiwa mapajani, akambeba mdogo wangu wa mwisho mabegani, na njia nzima alikuwa ananigombeza. Hakunigombeza kwa kutotoka. Alinigombeza kwa swali nililouliza. "Nimekwambia jambo zito, wewe unaniuliza nani kasema! Ungeniuliza watoto wa umri gani. Ungeniuliza wanabebwa na nani. Unauliza nani kasema, kama polisi!" Sare zimekwenda, daftari zimekwenda, na mtu huyu ananifundisha namna ya kuuliza maswali. Nilimchukia kwa muda wa kama wiki moja hivi, halafu nikaenda kumtafuta anieleze alijuaje.

Alijua kwa simu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake baada ya fimbo kuchukuliwa. Alikuwa na mama lishe mmoja kule Pugu ambaye mgahawa wake unatazama kivuko cha kijito, na mkulima mmoja wa mchicha katikati ya safari ya mto. Mwisho wa mwaka aliwapelekea korosho kutoka kwao. Mvua ikianza, yule mama anapiga, na Mzee hamuulizi kama mvua ni kubwa. "Kila mtu mvua ya kwake ni kubwa," alikuwa akisema. Anauliza, "Nani anavuka?" Kama watoto wanavuka wenyewe, hakuna neno. Kama watoto wanabebwa, tayari ana wasiwasi. Kama wanaume wanakunja suruali na kuvua viatu, anavaa kofia. Kama bodaboda zinageuza, anaanza kupita nyumba kwa nyumba. Na kama hakuna anayevuka, basi anaangalia mwezi, anahesabu saa za bahari kwa vidole, na anajua ana muda gani. Zamani, alisema, mkulima angeweza kuvuna mchicha wake, akaufunga mafungu na kuufikisha sokoni kabla maji ya Pugu hayajafika Jangwani. Siku hizi ukianza tu kufunga, yako mlangoni, kwa sababu huko juu kila ua umewekwa saruji na hakuna ardhi ya kuyanywa.

Siwezi kuandika habari zake bila kuandika habari ya kifusi, kwa sababu ndipo alipoanza kunichosha roho. Mnajua kinachotokea Kariakoo. Nyumba za zamani za vyumba sita, zenye ua na kisima nyuma, zinavunjwa moja baada ya nyingine na kupandishwa maghorofa. Matofali yale yanakwenda wapi? Jirani yangu mmoja, mtu wa Kilimanjaro, muungwana kabisa, alikuwa anavunja ya kwake, malori yamepanga foleni, Mzee akapita. Akasimama katikati ya vumbi akauliza kifusi kile kinakwenda wapi.

"Kwenu huko huko, Mzee wangu," jirani akamjibu kwa furaha. "Wanakililia."

"Najua wanakililia. Watu wakililia sumu, utawapa?"

"Sasa mimi nikipeleke wapi, Moshi?"

"Kipeleke. Mlima wenu una nafasi."

Mtaa mzima ulicheka, hata madereva. Mzee hakucheka. Alisema, "Cheka. Unaujaza mto wangu kwa nyumba yako ya zamani, halafu siku barabara ikifungwa utakuja kuniuliza mbona wateja hawaji." Kisha akaja dukani kwangu, akaketi kwenye bunda la mifuko, akanywa maji, na nilikuwa upande wake asilimia mia. Nilikuwa upande wake mpaka nilipokwenda kumsalimia nyumbani kwake wiki iliyofuata.

Bondeni kuna desturi ambayo sijaiona penginepo. Kila baada ya mafuriko watu hawapandishi kuta. Wanapandisha sakafu. Wanamwaga kifusi ndani, wanashindilia, wanasakafia juu yake, na maisha yanaendelea. Baada ya miaka michache nyumba haijakua hata kidogo ila imejaa kutoka chini. Kwa Mzee nililazimika kuinama kuingia mlangoni. Dirisha ambalo zamani nilikuwa naegemea kiwiko sasa lilikuwa la kukalia. Ukisimama kitandani unagusa bati. Na ile sakafu mpya, kwenye pembe ambayo saruji haijafika, niliona kipande cha tofali kilichopakwa rangi ya kijani ya mlango wa zamani wa Kariakoo.

"Mzee," nikamwambia, "hiki cha kwako kimetoka wapi?"

"Hicho hicho."

"Hicho hicho cha jirani yangu uliyemtukana?"

"Sikumtukana. Nilimwambia ukweli." Akakaa kwenye dirisha. "Wa kulia amepandisha. Wa kushoto amepandisha. Nisipopandisha mimi, maji yao wote yanalala kwangu."

"Na ukipandisha wewe, yanalala kwa nani?"

Akageuka kutazama nje. Nikamwambia ahame, nimemtafutia chumba Mchafukoge, ghorofani, na binti yake amekubali. Akaniuliza nani atakuwa anayaona maji akiwa ghorofani Mchafukoge. Nikamwambia kuona maji si lazima uwe umelala ndani yake. Akaniambia sijui ninachosema. Niliondoka kwa hasira na hatukusemezana mwezi mzima. Hata leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi, lakini najua kwamba mtu aliyeuelewa mto ule kuliko wote alikuwa na kifusi chini ya kitanda chake, na kama yeye alishindwa, sishangai kwa nini sisi wengine tunashindwa.

Maana kosa hili si la watu wa bondeni peke yao. Mzee aliniambia kwamba alipofika, bonde lile lilikuwa matete na majaruba ya mpunga, kambare walikuwa wanakamatwa kwa kikapu, na mafuriko yalikuwepo vile vile ila yalikuwa na mahali pa kulala. Matete yalikuwa yanayashika maji, yanayachuja, yanayaachia polepole kuelekea kwenye mikoko. Leo tunayamwagia kila kitu. Maji ya kufulia, maji ya viwandani, chupa, nepi, magodoro. Halafu tunapanda mchicha pembeni yake, tunaumwagilia kwa maji hayo hayo, tunaupanga sokoni, na tunaulizana kwa nini matumbo yanatusumbua. Mara moja Mzee aliitwa kwenye semina juu ya mto, hotelini. Alirudi na kofia ya bure. Nilimuuliza walizungumza nini. Akasema walionyesha ramani nzuri, yeye akauliza kama ilichorwa siku za bamvua au za maji mafu, na aliyekuwa anaongoza akamshukuru kwa mchango wake na kumpa nafasi mtu mwingine. "Na kila mtu," akasema, "alikuwa na chupa mbili za maji mbele yake. Nilizihesabu kwa macho nikajua nitaonana nazo Jangwani."

Nije sasa kwenye siku ya mazishi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Alizikwa siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walimbeba wakaenda naye msikitini na kisha makaburini. Sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake bondeni, chini ya turubai, pilau jikoni, jua linawaka mpaka turubai linanuka. Kulikuwa na mtani wake, mama mmoja Mngoni. Wasomaji wa Kusini wanajua, Mngoni na Mmwera ni watani tangu vita vya mababu zao, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya ambayo mwingine akifanya atapigwa. Mama huyu alivaa kofia ya marehemu, akatundika mkoba wake begani, akachukua na simu ya marehemu, akawa anapita katikati ya waombolezaji akiigiza. "Tokeni! Tokeni nyote! Mwezi una siku ngapi?" Alimpatia kabisa, mpaka ile namna yake ya kukohoa kabla ya kugombeza. Binti yake alicheka hadi machozi yakabadilika maana. Hiyo ndiyo kazi ya watani, na niliona anaifanya vizuri.

Simu ikaita mkononi mwake.

Alitazama kioo, akatutazama sisi, akabonyeza ili wote tusikie, na kwa sauti nzito ya Kusini akasema, "Haya, nani anavuka huko?"

Tukaangua kicheko. Upande wa pili sauti ya mwanamke ikasema, "Hakuna anayevuka, Mzee. Tangu saa saba. Hata magari yamesimama. Nimekupigia mara tatu hupokei. Mbona sauti yako iko hivyo, unaumwa?"

Mtani alikuwa bado yumo kwenye mchezo. "Siumwi," akasema. "Nimekufa."

"Mzee, acha utani. Maji haya si ya utani. Yamechukua ukuta wa jirani yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Mtani aliivua kofia taratibu. Binti yake Mzee akaichukua simu, akazima sauti ya nje, akasimama pembeni akizungumza kwa chini. Sikusikia alimwambiaje, ila nilimwona akiegemea nguzo ya turubai. Aliporudi alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kwa sauti ya baba yake bila kuigiza: "Mwezi una siku ngapi?" Bibi mmoja akajibu kuwa umeandama juzi. Bamvua. Bahari ingejaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Ilikuwa inakaribia saa nane.

Ninyi mnadhani tuliinuka? Hatukuinuka. Tulianza kubishana, katika lile bonde, chini ya lile jua, wanawake wazima zaidi ya arobaini. Mmoja alisema simu ya marehemu haipokelewi mpaka afukiwe, na haya ndiyo matokeo ya kuipokea. Nikamuuliza hayo kayasoma wapi. Mwingine alisema pilau ndiyo kwanza imetiwa mchele. Mwingine akasema aende aliye na hofu. Aliyenichosha zaidi alikuwa dada yake marehemu upande wa ukoo, shangazi yake binti, bibi mwenye heshima zake, aliyekaa katikati ya mkeka na hakuwa tayari kusogea. "Msiba hauhamishwi," alisema. "Wanaume wamekwenda kuzika, wakirudi watukute wapi? Watu watasema nini?"

"Shangazi," binti akapiga magoti mbele yake, "Baba angekuwepo angekwambia nini?"

"Angeniambia tokeni."

"Na ungetoka?"

"Nisingetoka," akasema bibi kwa ukweli kabisa. "Miaka yote ananiambia, na miaka yote sitoki. Mara ya mwisho nilitolewa kwa kamba."

"Basi leo, kwa ajili yake, toka kwa miguu yako."

Bibi alimtazama. Kisha akanyoosha mkono ili ainuliwe. Na alipoinuka yeye, waliinuka wote, kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki ameketi wakati shangazi amesimama. Nimefikiri sana juu ya hilo. Maneno yote ya mwezi na bahari hayakumsogeza mtu, ila heshima ya bibi mmoja iliondoa watu wa turubai zima.

Tulijigawa. Wengine wakabeba watoto na mikeka kupandisha upande wa Kariakoo, wengine tukaingia vichochoroni kugonga milango. Mtani alirudisha kofia kichwani, akachukua sinia na mwiko, akawa anapiga na kuita kwa sauti ile ile ya Mzee, na sasa hakuwa anaigiza. "Wewe Mngoni, utani wako umepita mpaka!" mwanamke mmoja alimpigia kelele dirishani. Akajibiwa, "Nitukane ukiwa na godoro kichwani!" Mzee mmoja jirani, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya miguu, alitoka mlangoni akiwa ameinama, akasema, "Subhanallah, mtu mmemzika saa hizi na bado anatutoa majumbani!" Halafu akaanza kukusanya dawa zake. Wapo waliotoka. Wapo waliotufungia milango. Mmoja aliniuliza, kwa jeuri ambayo niliitambua mara moja kwa kuwa ilikuwa yangu, "Nani kasema?"

Wanaume waliporudi kutoka makaburini walikuta turubai tupu na sufuria juu ya moto. Shemeji yake marehemu alinipigia akifoka, ameruhusu nani msiba kuhamishiwa barazani kwa watu? Nilimwambia aje afoke huku juu. Alikuja, wakaja wote, na walikuwa bado wanafoka maji yalipofika. Hayakuja kwa ngurumo kama watu wanavyosimulia. Zilitangulia chupa. Chupa nyingi zikigongana, sauti kama ya watu wanaopiga makofi mbali, halafu nyuma yake maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakaingia uani kwa Mzee, yakainua turubai, yakachukua viti, yakachukua pilau. Bahari ilikuwa imejaa, hayakuwa na pa kwenda, yakaendelea kupanda. Yule mwanamke aliyeniuliza nani kasema alitolewa juu ya bati lake jioni ile na vijana waliofunga kamba. Yu mzima. Shemeji aliacha kufoka. Hakuomba radhi, wala sikutarajia.

Baada ya khitma nilimpigia yule mama wa Pugu. Nilitaka kumshukuru. Alilia kwanza, kwa sababu siku ile hakuamini alichoambiwa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria, si ofisi, si kamati, si mimi niliyejifanya rafiki yake marehemu: "Sasa nikiona maji, nimpigie nani?" Binti yake Mzee amehamia Mchafukoge kwenye kile chumba, na kazi yake haimruhusu kushika simu mchana. Nilitaja watu watatu kichwani, wote wana vyeo. Halafu nikamtajia namba yangu.

Nilifikiri nimepata kazi ya kujua mambo. Simu ya kwanza ilikuja wiki mbili baadaye, dukani, katikati ya wateja. Nikauliza nani anavuka, nikaambiwa bodaboda zinageuza, nikahesabu mwezi, nikapiga simu bondeni, nikafunga duka, nikashuka mwenyewe. Watu kama sabini wakapanda na watoto wao, wakasimama juani mpaka magharibi. Maji yalikuja yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakageuka. Sijawahi kutukanwa vile tangu nizaliwe. Mwanamke mmoja alisema nimeacha biashara ya mifuko nimeanza ya vitisho. Mwingine akasema Mzee alikuwa na kipawa, huyu ana kiherehere. Nilimpigia binti yake nikiwa nakaribia kulia, nikamuuliza baba yake alikuwa anakosea mara ngapi. Akacheka, akaniambia, "Dada, nyingi tu. Alikuwa anatukanwa kila masika. Wewe ulikuwa unamwona siku alizopatia."

Hapo ndipo nilipomwelewa mtu yule, na nimechelewa. Kuyajua maji ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake; yule mama wa Pugu anayajua, mkulima wa mchicha anayajua, na sasa hata mimi nimejifunza kuhesabu bamvua kwa vidole. Sehemu kubwa ilikuwa kukubali kuonekana mjinga siku ambazo maji hayaji, kisha kugonga milango ile ile mara inayofuata, bila kinyongo na bila kupunguza sauti. Tunataka mtu wa kutuonya asiyekosea hata mara moja, na kwa kuwa hayupo, hatumsikilizi yeyote. Wakati huo huo tunaendelea kumwaga kifusi, kila mmoja ukutani kwa mwenzake. Mimi nimelelewa na ukaidi, na wadogo zangu watatu nimewakuza kwa ukaidi, kwa hiyo nitaendelea kupiga simu. Ninaowapigia nawaomba jambo moja: kutukana nimewaruhusu, ila mnitukane mkiwa mmeshapanda.